Presha imekaa sawa, lakini damu imefika kidoleni?

Kuna sentensi moja kila mwenye mgonjwa Unguja na Pemba keshaisikia, nayo ni "presha yake imekaa sawa". Dokta akishaitamka, watu kule nje wanashusha pumzi, mmoja anapiga simu nyumbani, mwengine anakwenda kutafuta chai, na hata sisi tunaofanya kazi wodini tukiisikia wakati wa kukabidhiana zamu tunahamia kitanda cha pili. Leo nataka kuibishia hiyo sentensi. Sisemi ni uongo, presha inaweza ikawa kweli imekaa sawa, ila kwa mgonjwa mahututi haijibu suali lenyewe hasa, yaani damu inafika kule inakotakiwa kufika au inazunguka njia kubwa tu na kurudi ilikotoka?

Presha tunayopima kwa kile kitambaa cha mkononi ni presha ya mishipa mikubwa. Sasa mishipa mikubwa ni ya kupitishia tu, kazi yenyewe ya damu inafanyika kwenye kapilari, vimishipa vyembamba vya maikroni 5 mpaka 10, na maikroni moja ni milimita moja uigawe mara elfu. Seli nyekundu ya damu ina upana wa kama maikroni 7 au 8, kwa hivyo kwengine inabidi ijikunje ndo ipite, tena moja moja. Hapo ndo oksijeni inashuka, figo linapata, ubongo unapata, utumbo unapata, ngozi inapata. Mtu anaekaa nyumba ya uchochoroni Ng'ambo atanielewa bila ya kusoma udaktari: bomba kubwa la barabarani linaweza kuwa limejaa na pampu inasoma vizuri kabisa, wewe ukafungua mfereji wako ukatoa upepo mtupu. Mgonjwa wa sepsisi ndo yuko hivo.

Na sepsisi, kwa asieijua, ni pale maambukizi, iwe ya mapafu, ya tumbo, ya mkojo, au ya kizazi baada ya mama kujifungua, yanapoufanya mwili ujibu kwa vurugu mpaka unaanza kujiumiza wenyewe. Hesabu kubwa ya dunia iliyochapishwa 2020 ilikadiria kwamba kwa mwaka 2017 peke yake watu milioni 48.9 waliipata na milioni 11 walikufa, na kama asilimia 85 ya wagonjwa hao wako nchi za kipato kidogo na cha kati, yaani sisi. Mwaka huo huo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kuzitaka nchi ziichukulie sepsisi kwa uzito wake. Wala Pemba hili si jambo la kusoma kwa wenzetu, maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ipo tangu 2000, na utafiti uliofanyika Pemba wa kuotesha damu za wagonjwa wenye homa ulikuta bakteria ndani ya damu, wa taifodi wakiwa mbele ya wote.

Kinachotokea ndani ya vimishipa ukikijua unaacha kabisa kuridhika na namba ya presha. Ukuta wa ndani wa mshipa una utando mwembamba wa kuulinda, sepsisi inauvua. Seli za ukuta zinavimba, seli nyekundu zinakuwa ngumu hazijikunji tena, seli nyeupe zinanata, vibonge vidogo vidogo vya damu iliyoganda vinaziba njia. Kapilari moja imesimama kimya na jirani yake inakimbiza damu kasi mno hata oksijeni haiwahi kushuka, na ndo maana ukipima oksijeni kwenye damu inayorudi moyoni unaweza kuikuta nyingi ukafurahi, kumbe imebaki nyingi kwa sababu haikupata pa kushukia. Wakati huo huo presha inasoma 120 kwa 70, maana dawa ya kukaza mishipa imeshafunguliwa na maji yameshaingia. Namba imerudi na mgonjwa hajarudi.

Na hili halijagunduliwa jana. Ibn al-Nafis, tabibu alietoka upande wa Damascus akafanya kazi na kufia Cairo mwaka 1288, alisema damu inapita mapafuni na kwamba lazima pana vipenyo visivyoonekana baina ya mshipa unaoingia na unaotoka, na hakuwa na darubini wala chochote, ni kufikiri tu na kukataa kukubali kitu kwa sababu wakubwa wa zamani walikisema. Harvey kule Uingereza mwaka 1628 akathibitisha damu inazunguka lakini akashindwa kuonesha inavukaje kutoka mshipa mmoja kwenda mwengine, mpaka Malpighi alipoviona vimishipa hivo kwenye mapafu ya chura mwaka 1661. Watu wazima wale walihangaika karne kwa karne kutafuta hapo pa katikati, na sisi mwaka huu tunampima mgonjwa upande mmoja tu wa safari tunasema yuko sawa.

Wenzetu wenye uwezo wamekwenda kupaangalia hapo kwa macho. Mwaka 1999 ilitangazwa kamera ndogo inayowekwa chini ya ulimi, baadae zikaja nyengine bora zaidi yake. Inamulika kwa mwanga ambao rangi nyekundu ya damu inaumeza, kwa hivyo seli zinaonekana vidoto vyeusi vinatembea, na unaona hasa kapilari ipi inapita, ipi inasita, ipi imekufa. Chini ya ulimi wamepachagua kwa sababu ni rahisi kupafikia na ngozi yake ni laini mno. Daniel De Backer na wenzake wa Brussels walitumia kamera ya namna hiyo wakaonesha mwaka 2002 kwamba wagonjwa wa sepsisi wana vimishipa vingi visivyopitisha damu ukilinganisha na watu wazima wa afya, halafu mwaka 2004 timu hiyo hiyo ikaja na jambo ambalo mimi linanikaa kichwani mpaka leo: wagonjwa waliotoka kwenye shoki (pale damu haifiki viungoni kwa kutosha), presha imerudi, kisha wakafa kwa viungo kushindwa kazi, presha zao na oksijeni zao zilikuwa sawa tu na za waliopona. Tofauti ilikuwa kwenye vimishipa. Waliopona vilifunguka, waliokufa havikufunguka.

Hebu isome tena hiyo. Namba zote tunazoziandika kwenye chati zilikuwa sawa kwa aliepona na aliekufa.

Sasa mtu atasema basi tuombe kamera. Mimi sitaki tuombe kamera, na nasema hivi nikijua kuna watu watanikasirikia, maana kwetu kifaa kipya kikija kinakuja na sherehe na utepe wa kukata. Kamera ile inataka mkono uliofunzwa, ukigandamiza kidogo tu umeziba vimishipa mwenyewe halafu unasema mgonjwa ndo mbaya, mate yanaharibu picha, damu mdomoni inaharibu picha, mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia mdomoni hapana pa kupita vizuri, unachukua video sehemu kadhaa kisha mtu anakaa kuzichambua wakati mgonjwa anasubiri. Na zaidi ya hayo, jaribio lililochapishwa 2023 liliwapa madaktari taarifa za kamera hiyo kwa wagonjwa wa shoki ili wazitumie kwenye matibabu, na vifo havikupungua. Kamera imetufundisha ugonjwa ulivo, kwa hilo tuishukuru sana, lakini kuona peke yake hakujaokoa mtu bado.

Kuna lakteti pia, tindikali inayopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni. Ni kipimo kizuri cha kujua mgonjwa yuko pabaya, ila kina tabu zake mbili. Kwanza inapanda kwa sababu nyengine pia, ini likichoka haliisafishi, na dawa kama adrenalini zinaipandisha zenyewe. Pili inashuka polepole, masaa, hata pale mgonjwa alipokwisha kupata nafuu, na dokta anaeiangalia hiyo anaendelea kumwagia maji mtu ambae hayahitaji tena. Tabu ya tatu ni yetu wenyewe, vibandiko vya mashine vikiisha vimeisha.

Basi turudi kidoleni. Unachukua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa tumbo la kidole, unabonyeza mpaka rangi inaondoka, unashikilia sekunde 10, unaachia, unahesabu sekunde ngapi damu imerudi na kidole kimekuwa na rangi yake. Ikizidi sekunde 3, vimishipa vya pembeni havipati damu ya kutosha. Kwisha. Kila nesi amefunzwa kitu hichi chuoni kwa namna moja au nyengine, na kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa watoto wanaofika na hali ya dharura kipo: mikono ya baridi, damu inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mapigo dhaifu ya haraka, huyo mtoto ana shoki. Tunakijua. Tunakifanya mlangoni mgonjwa anapopokelewa, tunaandika mara moja, halafu hatukirudii tena mpaka mgonjwa anatoka au anafariki. Hapo ndo ugomvi wangu ulipo, maana kipimo cha aina hii thamani yake ni kurudiwa, sekunde 6 saa mbili usiku hainambii kitu kikubwa, lakini sekunde 6 kisha 5 kisha 3 inanambia dawa inafanya kazi, na 3 kisha 4 kisha 6 huku presha imetulia tuli inanambia kuna jambo linakuja na nimwite dokta sasa hivi, si asubuhi.

Kuna watu watasema hii ni mambo ya kizamani, ya spitali zisizo na vifaa. Hapana. Mwaka 2019 jarida la JAMA lilitoa jaribio linaloitwa ANDROMEDA-SHOCK, lilifanywa na Glenn Hernández wa Chile na wenzake, wodi 28 za wagonjwa mahututi (ICU) za nchi tano za Amerika Kusini, wagonjwa 424 wa shoki ya sepsisi. Nusu yao matibabu yalifuata lakteti, inapimwa kila masaa mawili. Nusu nyengine matibabu yalifuata kidole, kinabonyezwa kila nusu saa kwa slaidi ya kioo ya maabara ili unaona rangi inavoondoka na inavorudi. Baada ya siku 28 walikufa asilimia 43.4 upande wa lakteti na asilimia 34.9 upande wa kidole. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kuvuka mstari wa kuitwa ya uhakika, na mimi siifichi hiyo, lakini hata ukisema ni sare basi kidole cha bure kimetoka sare na kipimo cha mashine, na wagonjwa wa upande wa kidole walipewa maji pungufu karibu mililita 400 kwenye yale masaa manane ya mwanzo. Mwaka 2025 timu hiyo ikatoa jaribio la pili kubwa zaidi, la nchi nyingi, safari hii kidole kikiongoza matibabu kwa hatua zilizopangwa, na matokeo ya jumla yakawa bora, hasa kwa kupunguza siku ambazo mgonjwa anategemea dawa na mashine kumshikilia, ingawa vifo vyenyewe vilikuwa karibu sawa. Na mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 tayari ulishapendekeza kidole kitumike pamoja na vipimo vyengine.

Zile hatua zenyewe zina akili ndani yake na nataka nizieleze kidogo. Kidole kikiwa kibaya unaangalia kwanza kama mgonjwa bado anajibu maji, yaani ukimpa moyo unasukuma zaidi au hausukumi, akijibu unampa kidogo unabonyeza tena. Asipojibu maji, unaacha maji. Halafu kama ni mtu aliekuwa na presha ya juu miaka yote, na wazee wetu wangapi wako hivo, huyo wastani wa presha wa 65 ambao vitabu vinautaka pengine kwake ni mdogo, unaipandisha kwa noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa, mpaka 80 au 85 kwa saa moja unaona kidole kinasemaje, kikiwa kizuri unabaki hapo, kisipobadilika unarudi chini maana unamkaza mishipa bure. Yaani kidole ndo kinajibu kila dawa inapotolewa. Dripu haifunguliwi kwa mazoea.

Na hapa kwenye dripu nataka nikae, kwa sababu kwetu dripu imekuwa ni alama ya kuhudumiwa. Mgonjwa asietundikiwa chupa familia inaona ametelekezwa, naelewa kabisa, mtu umemleta mama yako kutoka Makangale usiku unataka uone kitu kinafanyika. Lakini Afrika Mashariki hii hii yetu ndo iliyoifundisha dunia hatari ya maji. Jaribio la FEAST lililochapishwa 2011 lilichukua watoto 3141 wa Uganda, Kenya na Tanzania wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki pembeni, mikono ya baridi, damu inachelewa kurudi, mapigo dhaifu, na Tanzania walikuwa watoto wa spitali ya Muheza, Tanga, hapo ng'ambo tu ya mkondo kutoka Pemba. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa asilimia 10.5 au 10.6 ndani ya masaa 48, wasiomiminiwa walikufa asilimia 7.3. Dunia nzima ilikuwa inaamini kinyume chake. Kisha mwaka 2017 Zambia, Lusaka, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, waliofuatiwa kwa utaratibu wa kuwapa maji mengi na dawa mapema walikufa spitali asilimia 48.1, waliopewa huduma ya kawaida 33.

Kwanini? Rudi kwenye kapilari. Mshipa uliovuliwa utando wake unavuja, maji unayoyamwaga yanatoka nje yanajaa baina ya seli, sasa oksijeni ina masafa marefu zaidi ya kutembea mpaka kufikia seli, na damu yenyewe umeizimua, seli nyekundu zimekuwa chache kwa kila tone. Kwa mtoto mwenye upungufu wa damu tayari, na watoto wengi wa FEAST walikuwa nao, hilo ni pigo juu ya pigo. Presha imepanda na kapilari imezidi kuwa na njaa.

Pemba tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa hili. Ni Pemba ndo walikofanya ule utafiti wa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa watoto wadogo, kila mtu akiamini chuma ni kheri tupu, na mwaka 2003 ikabidi sehemu ya chuma isimamishwe kwa sababu watoto waliokuwa wanapewa walikuwa asilimia 12 zaidi kwenye hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet 2006 na miongozo ya dunia ikabadilika. Waliwaangalia watoto wenyewe, hawakuishia kuangalia nia nzuri ya dawa. Hicho hicho ndo nnachokiomba kitandani.

Lakini mtu asije akanisoma nusu akafunga dripu ya mgonjwa wa kipindupindu. Kipindupindu ni kitu chengine kabisa, hapo maji yametoka mwilini kwa ndoo, mishipa haijaharibika, iko tupu, na maji ya haraka ndo dawa yenyewe. Mama anaevuja damu baada ya kuzaa nae anahitaji kujazwa, na damu kwanza. Kidole kinawasaidia hawa pia, maana wao wakijazwa kidole kinarudi haraka unaona na macho yako. Yule wa sepsisi chupa ya pili imeisha na kidole kiko pale pale, hapo ndo pa kusimama na kufikiri, si kutundika ya tatu.

Kasoro za kidole zipo na ni wajibu kuzisema. Baridi inakichelewesha, ukimpima mgonjwa chini ya kiyoyozi kinachovuma mkononi umepima kiyoyozi. Umri unakichelewesha, utafiti wa 1988 ulionesha wazee wazima wa afya wanaweza kufika sekunde 4 na nusu. Taa mbovu inadanganya. Watu wawili wanaweza kupata namba mbili tofauti, mmoja kabonyeza kwa nguvu mwengine kwa huruma. Lakini hizi zote zina dawa: kidole kile kile, mkono ulale usawa wa moyo, tochi ya simu, sekunde 10 kwa saa ya simu na si kwa kukisia kichwani, na ikiwezekana mtu yule yule ndani ya zamu moja. Ukibaki na utaratibu huo kasoro inakuwa ile ile kila mara, na unachokitafuta ni kama namba inapanda au inashuka.

Rangi ya ngozi nayo ni jambo ambalo vitabu vya nje havitujali. Kuna kipimo kizuri kilichotoka Paris mwaka 2011 cha kuangalia madoa ya zambarau kwenye goti, kutoka 0 mpaka 5, madoa yakipanda kwenda pajani mgonjwa yuko karibu na kufa, kipimo cha maana sana kwa mtu mweupe, kwa ngozi zetu nyeusi hayo madoa hayaonekani vizuri na ukisema goti halina madoa hujasema kitu. Hata ile klipu ya oksijeni ya kidoleni, Marekani mwaka 2020 walionesha kwamba kwa wagonjwa weusi inaficha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Tumbo la kidole na kiganja ni kweupe kidogo hata kwa mtu mweusi sana, ndo maana napasisitiza hapo kuliko kwengine.

Halafu kuna hina. Jamani hili sijaliona kwenye mwongozo wowote na sisi tunakutana nalo kila siku. Bibi harusi wa juzi, mama aliejifungua amepambwa, mtu ametoka sikukuu, kucha nyekundu au nyeusi kwa piko, ncha za vidole zote zimekolea. Ukucha huo huubonyezi ukaona kitu, na piko nyeusi klipu ya oksijeni nayo inaitatiza. Wanafunzi wanaandika "haikupimika" wanaendelea na safari. Si haipimiki, tafuta pengine: tumbo la kidole ambacho hakikutiwa, kiganja sehemu isiyo na ua, unyayo, juu ya mfupa wa kifua, ila uandike umepima wapi na mwenzako wa zamu inayofuata apime hapo hapo, maana kifua na kidole havina muda mmoja. Huu ni utaratibu ambao ungetakiwa utoke kwetu, uandikwe na walimu wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na manesi wa spitali za Mnazi Mmoja na Abdalla Mzee wakae pamoja, hapana mtu wa Ulaya atakaekuja kutuandikia hina.

Na miguu tusiisahau. Mwaka 1969 Joly na Weil kule Marekani walipima joto la kidole gumba cha mguu kwa wagonjwa wa shoki wakaona kadri kinavokuwa cha baridi ndo mgonjwa anavokuwa mbaya. Mabibi zetu walikuwa wanafanya hivo bila ya kipimajoto, anaingia chumbani hata hakusalimia sawasawa keshatia mkono chini ya shuka anashika miguu. Unapandisha mkono kutoka unyayoni kwenda gotini kusikiliza baridi inaishia wapi, unaandika, nusu saa unashika tena. Na mkojo, nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, na kama anakutambua au anazungumza vyengine. Ngozi, figo, ubongo, sehemu tatu ambazo vimishipa vinatoa habari zake bila ya mashine yoyote.

Nnachokitaka ni kitu kidogo mno kwa kukisema na kigumu kwa kukifanya, yaani ile chati ya kitandani yenye presha, mapigo, pumzi, joto na oksijeni iongezwe safu moja ya sekunde za kidole, kwa kila mgonjwa mwenye dalili za sepsisi, kila nusu saa mpaka atengemae kisha kila saa. Najua kilio cha manesi kwa sababu ndo kilio changu, nesi mmoja usiku wagonjwa wodi nzima, nusu saa hiyo ataipata wapi. Jawabu langu ni kwamba si wagonjwa wote, ni wale wawili watatu ambao sote tunajua ni wepi, na sekunde 10 za kubonyeza na chache za kusubiri ni pungufu ya muda wa kubadilisha chupa ya dripu isiyohitajika. Slaidi za kioo zipo kila maabara yenye kupima malaria. Kinachokosekana ni mkuu wa wodi kuuliza asubuhi "kidole chake usiku kilikuwaje?" kama anavouliza presha, maana kisichoulizwa asubuhi usiku hakipimwi.

Mwenye mgonjwa nae asione haya. Usimguse dripu, usimwongoze dokta kazi yake, lakini ukiona miguu ya mzee imekuwa ya baridi na huku unaambiwa presha nzuri, sema kwa adabu, "samahani dokta, naona miguu imepoa kuliko mchana, na vidole damu yake inarudije?" Dokta mzuri hatokasirika kwa hilo, atakwenda kubonyeza.

Na kwa wale wanaotoka mbali ndo muhimu zaidi. Mgonjwa anaetoka Micheweni kwenda Chake Chake, kutoka Chake kwenda Mkoani, kisha anavushwa kwenda Unguja, anapita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja anamkuta na presha tu kwenye karatasi, hajui mwenzake alimwacha vipi. Barua ya rufaa iandikwe kidole kilikuwa sekunde ngapi alipofika, sekunde ngapi baada ya chupa ya kwanza, sekunde ngapi anapoondoka, kidole gani, saa ngapi, na kama ana hina basi alipimwa wapi.